Likizo fupi ya familia ng'ambo: Anza na kalenda ya shule, kimo cha mtoto na karo ya Januari

Na MWANDISHI WETU

SHULE zinapofungwa mwishoni mwa muhula wa tatu, mazungumzo ya mezani katika nyumba nyingi za mijini hubadilika. Zamani mtoto aliuliza ni lini atapelekwa mashambani kwa nyanya. Siku hizi anauliza ni lini atapelekwa Dubai kupanda zile bembea ambazo mwenzake wa darasani alizisimulia muhula mzima.

Kwa wazazi waliojaliwa kipato cha wastani na wenye subira ya kuweka akiba, safari ya siku 4 au 5 katika bustani za burudani za ng'ambo si ndoto ya alinacha. Tatizo ni kwamba wengi huanza kupanga kwa kununua tiketi ya ndege, kisha wanalazimisha mambo mengine yote yaifuate tiketi hiyo. Matokeo yake ni watoto kukauka kwa jua la Agosti, kifungua mimba kuzuiwa langoni kwa sababu ya kimo, na mzazi kurudi nyumbani wiki chache kabla ya shule kudai karo ambayo imeshatumika.

Makala haya yanawalenga zaidi wanaofikiria kwenda Dubai na Abu Dhabi, katika Milki za Kiarabu, kwa kuwa huko ndiko bustani nyingi za aina hii zilizo karibu nasi ziliko. Ndege kutoka Nairobi hutumia takriban saa 5, na saa za huko ziko mbele ya zetu kwa saa moja tu, hivyo watoto hawapotezi siku nzima wakizoea usingizi mpya.

Novemba ni yetu peke yetu

Tangu kalenda ya masomo irejee katika hali yake ya kawaida mnamo Januari 2023, baada ya mvurugo wa janga la corona, shule zetu zina likizo tatu. Ya Aprili na ya Agosti huchukua wiki tatu hivi kila moja. Ya mwisho wa mwaka hukaribia miezi miwili au kuipita kidogo.

Likizo ya Agosti ndiyo yenye mtego. Bei za hoteli za Dubai hushuka mno mwezi huo, na mawakala huzitangaza kwa mbwembwe. Wasichokitaja ni kwamba joto la mchana hupita nyuzi 40 za Selsiasi, na unyevu wa bahari hufanya hata usiku usiwe na nafuu. Soko kubwa la maonyesho na burudani la Global Village hufungwa kabisa majira hayo, kwani huendesha shughuli zake kuanzia Oktoba hadi takriban Mei. Anayekwenda Agosti na ajue kwamba atashinda ndani ya majengo yenye viyoyozi, na bustani zake ziwe za namna hiyo.

Aprili ni afadhali. Joto huwa karibu nyuzi 33, na bustani za maji hufaa sana. Hata hivyo, mwaka 2024 ulitupa funzo kwa pande zote mbili. Tarehe 16 Aprili mvua ambayo mfano wake haukuwa umeshuhudiwa tangu kumbukumbu zianze kuwekwa huko mwaka 1949 iligharikisha Dubai, na uwanja wake wa ndege ukafuta safari zaidi ya 1,000. Nyumbani nako mafuriko yaliilazimu serikali kuahirisha ufunguzi wa muhula wa pili mara mbili, hadi Mei 13. Ndiyo maana tiketi isiyoweza kubadilishwa tarehe, ingawa huwa rahisi, yaweza kuwa ghali mwishowe.

Fursa kubwa zaidi iko Novemba, na ni ajabu kwamba Wakenya wachache huitumia. Wakati huo watoto wetu wako nyumbani ilhali wa Milki za Kiarabu, wa Ulaya na wa Afrika Kusini wangali darasani. Foleni ambazo Desemba humla mtu saa nzima huwa fupi, na hali ya hewa ya Ghuba imeshaanza kutulia kwenye nyuzi 30 hivi.

Kuna tahadhari mbili tu kuhusu majira hayo. Ya kwanza ni Sikukuu ya Taifa ya huko, Desemba 2 na 3, ambapo wenyeji hufurika bustanini. Ya pili ni mashindano ya magari ya Formula One, ambayo tangu 2009 hufanyika kisiwani Yas, Abu Dhabi, aghalabu mwishoni mwa Novemba au wikendi ya kwanza ya Desemba. Wiki hiyo vyumba vya hoteli za kisiwa hicho huadimika na bei zake hupaa. Katikati ya Novemba ndipo penye utulivu.

Bila shaka, familia yenye mtahiniwa wa KCSE haina uhuru huo. Mtahiniwa hukalia mtihani hadi siku za mwisho za mwezi, na si haki kumwachia ndugu zake waende wakajiburudishe ilhali yeye anakesha na madaftari. Familia kama hiyo isubiri wiki ya pili ya Desemba, kabla ya msongamano wa Krismasi.

Siku za wiki nazo zina maana. Tangu Januari 2022, wikendi rasmi ya nchi hiyo ni Jumamosi na Jumapili, huku Ijumaa ikiwa nusu siku ya kazi. Wanaotegemea ushauri wa jamaa aliyefika huko kabla ya hapo hudhani bado ni Ijumaa na Jumamosi. Bustani ziendewe kati ya Jumatatu na Alhamisi, na siku nyingine ziachiwe ufuo na maduka.

Bustani zenyewe

Msomaji atakayefungua tovuti za mawakala ataona orodha ndefu ya bustani na ashawishike kuzitembelea zote. Kwa safari ya siku 4, mbili zatosha. Ya tatu humwacha mtoto mdogo amelala begani mwa babake, na tiketi yake imelipiwa.

Abu Dhabi imezikusanya bustani zake mahali pamoja, kwenye kisiwa cha Yas. Ferrari World ilifunguliwa mwaka 2010. Yas Waterworld, ambayo ni bustani ya maji, ikafuata mwaka 2013, kisha Warner Bros. World mwaka 2018 na SeaWorld mwaka 2023. Ferrari World na Warner Bros. World zimejengwa chini ya paa kwa sehemu kubwa, kwa hivyo hufaa hata wakati wa joto. Mabasi ya bure huwazungusha wageni kisiwani. Mnamo Mei 2025, kampuni ya Disney ilitangaza kwamba itajengewa bustani yake papo hapo, lakini kazi kama hiyo huchukua miaka na mtoto asiahidiwe leo.

Dubai zimetawanyika. IMG Worlds of Adventure, iliyofunguliwa Agosti 2016, ni jumba kubwa mno la ndani lenye wahusika wa Marvel na wa Cartoon Network pamoja na madinosau. Legoland, ya mwaka huohuo, iko nje ya mji upande wa kuelekea Abu Dhabi na ilibuniwa kwa ajili ya watoto wa kati ya miaka 2 na 12. Jirani yake, Bollywood Parks, ilifungwa mwaka 2023, hivyo tangazo linaloendelea kuitaja lina habari zilizochacha. Bustani ya maji ya Aquaventure iko kwenye hoteli ya Atlantis iliyofunguliwa mwaka 2008 katika kisiwa bandia cha Palm Jumeirah.

Kutoka Dubai hadi Yas ni mwendo wa takriban saa moja kwa gari. Mtu anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo, ila si kila siku. Familia iliyokusudia bustani hasa, wala si maduka ya Deira, ingefikiria kutua Abu Dhabi moja kwa moja. Shirika la Etihad lilirejesha safari zake za Nairobi mnamo Mei 2024, na uwanja wa ndege wa Zayed uko dakika chache tu kutoka Yas. Ukaaji wa mahali pamoja huokoa nauli, na zaidi ya hayo huokoa hasira.

Futi ya ukutani

Jambo linalowaliza watoto wengi langoni ni kimo. Bustani hizi haziangalii umri wala darasa. Huangalia sentimita, na mlinzi mwenye kijiti cha kupimia hana sikio la kusihiwa.

Mfano ni Formula Rossa, rola kosta mashuhuri ya Ferrari World ambayo hufikia kasi ya kilomita 240 kwa saa na ambayo ilipozinduliwa ilishika rekodi ya dunia. Sharti lake ni angalau sentimita 140. Sasa, kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miaka 10 mwenye kimo cha wastani hukaribia 138 tu. Kwa maneno mengine, mwanafunzi wa Gredi ya 4 au ya 5 aliyeahidiwa bembea hiyo mwaka mzima anaweza kufika hapo na kuambiwa arudi mwakani.

Dawa ni rahisi. Kabla ya kulipa chochote, msimamishe kila mtoto ukutani bila viatu na uandike kimo chake. Kisha ingia kwenye tovuti ya bustani yenyewe, si ya wakala, usome kimo kinachotakiwa kwa kila bembea. Ukigundua mtoto ataruhusiwa bembea tatu tu, hiyo si bustani yake. Mwenye watoto wa miaka 4 na 7 atafaidi zaidi Legoland au Warner Bros. World kuliko Ferrari World. Mwenye vijana wa sekondari afanye kinyume chake, maana hao wataziona bembea za Legoland kuwa za chekechea.

Kimo hicho pia hugusa mfuko, kwa kuwa katika bustani kadhaa nauli ya mtoto hupunguzwa au kufutwa kulingana na sentimita, si miaka.

Iwapo hujui kama mwanao ana moyo wa mambo haya, mpeleke kwanza kwenye maonyesho ya kilimo ya Jamhuri, Mombasa au Kisumu, umpandishe bembea za pale. Anayelia kwenye gurudumu la Jamhuri hatacheka Yas.

Hesabu kabla ya hamu

Dirhamu imefungamanishwa na dola kwa kiwango cha 3.67 tangu 1997. Shilingi yetu nayo imekaa karibu na Sh129 kwa dola tangu katikati ya 2024. Kwa hivyo dirhamu moja ni kama Sh35, na hesabu hii ikae kichwani wakati wote, hasa watoto wanapoomba vikaragosi dukani.

Tiketi ya siku moja ya bustani kubwa kwa kawaida hupita dirhamu 300. Familia ya watu wanne wanaolipa nauli kamili itatumia si chini ya dirhamu 1,200, yaani Sh42,000, kwa siku. Bustani mbili ni Sh84,000, kabla ya kula kitu. Chakula cha nje hakiruhusiwi katika nyingi ya bustani hizi, na vya ndani vina bei ya mateka. Tiketi za pamoja za bustani mbili au tatu za Yas hupunguza gharama, na zikinunuliwa mtandaoni mapema huwa nafuu kuliko za langoni.

Ongeza ndege, hoteli, viza, bima na nauli za teksi. Ukishapata jumla, usiilinganishe na mshahara wako. Ilinganishe na kile kitakachobaki Januari.

Hapo ndipo familia nyingi huteleza. Mwezi huo ambao Wakenya wameupa jina la utani la Njaanuari hauna huruma. Kuna karo ya muhula wa kwanza, sare mpya na vitabu. Mzazi ambaye mwanawe anaingia Gredi ya 10 ana godoro, sanduku na orodha ndefu ya shule ya bweni. Hesabu hizo zote ziwekwe kando kwanza, katika akaunti tofauti ikiwezekana, na safari igharimiwe na kilichozidi. Kama hakuna kilichozidi, Aprili ya mwaka unaofuata haiko mbali. Kukopa kwenye chama au kwa programu za simu ili kwenda kupanda bembea ni kujitia kitanzi, na sioni haja ya kulisema kwa upole.

Hati za watoto

Kila mtoto, hata wa kunyonya, anahitaji pasipoti yake. Maombi hufanywa kupitia eCitizen, na ni vyema kuanza miezi minne kabla, kwa sababu misongamano ya Idara ya Uhamiaji hutokea bila hodi. Pasipoti yoyote iwe na muda usiopungua miezi 6 kuanzia siku ya kuingia nchi ya kigeni.

Mkenya huhitaji viza ya Milki za Kiarabu kabla ya kusafiri. Hupatikana kupitia shirika la ndege, hoteli au wakala, na ile ya siku 30 yatosha kabisa.

Mzazi anayesafiri na watoto bila mwenzake ajihadhari. Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, inawapa baba na mama wajibu sawa juu ya mtoto, wawe wameoana au la. Kwa hivyo beba cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto na barua ya idhini ya mzazi mwingine iliyoapishwa mbele ya wakili au kamishna wa viapo. Mjane abebe cheti cha kifo. Ikiwa majina kwenye cheti cha kuzaliwa hayalingani na ya pasipoti ya mzazi, kama itokeavyo kwa akina mama walioolewa baadaye, ni heri kulitatua jambo hilo mapema kuliko kuhojiwa uwanjani huku ndege ikijiandaa kuruka.

Mizigo nayo ikaguliwe. Dawa za kikohozi au maumivu zenye kodini hudhibitiwa vikali katika Milki za Kiarabu na huhitaji kibali. Miraa, ambayo kwetu ni zao la biashara, huko ni dawa ya kulevya inayompeleka mtu gerezani. Kifurushi cha jirani anayekuomba umpelekee nduguye, usikipokee kama hukukifungua ukakiona chote.

Wakala wa mtandaoni

Kila likizo inapokaribia, mitandao ya kijamii hujaa picha za Burj Khalifa na bei zisizoaminika. Baadhi ni za matapeli, na familia zilizolipa kwa M-Pesa hugundua ukweli zikiwa tayari uwanjani na masanduku.

Wakala halali ana leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na wengi ni wanachama wa chama cha mawakala wa usafiri, KATA. Ulizia leseni hiyo, kisha uithibitishe mwenyewe. Lipa kwa jina la kampuni, kamwe si kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Ukishapewa nambari ya nafasi ya ndege, iingize kwenye tovuti ya shirika la ndege siku hiyohiyo. Kama majina yenu hayaonekani, hakuna tiketi.

Kabla ya malipo ya mwisho sikiliza pia habari za eneo hilo na tahadhari za Wizara ya Mashauri ya Kigeni. Anga ya Ghuba imewahi kufungwa ghafla kwa sababu za kiusalama, kama ilivyotokea Juni 2025, na bima isiyotaja kuahirishwa kwa safari haimsaidii mtu.

Wasiotaka Ghuba

Afrika Kusini ina mvuto wa aina yake. Tangu Januari 1, 2023 Mkenya huingia huko bila viza kwa hadi siku 90 kwa mwaka, jambo linaloondoa gharama na wasiwasi mwingi. Gold Reef City ya Johannesburg ilijengwa juu ya mgodi wa zamani wa dhahabu na kufunguliwa mwaka 1987. Mbali na bembea, wageni huweza kuteremshwa chini ya ardhi kuona wachimbaji walivyofanya kazi, na hilo ni somo ambalo mwalimu wa historia hawezi kulitoa ubaoni. Durban ina uShaka Marine World, ya mwaka 2004, yenye bustani ya maji na hifadhi ya samaki.

Sharti ambalo halisamehewi ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa kila aliyetimiza mwaka mmoja. Chanjo ianze kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, hivyo ya dakika za mwisho haifai. Habari njema ni kwamba tangu 2016 cheti hicho hudumu maishani.

Disneyland Paris ni ndefu zaidi kwa ndege na nzito zaidi kwa karatasi. Bustani hiyo iliyofunguliwa Aprili 12, 1992 iko kilomita 32 mashariki mwa Paris, na treni ya RER A huishia mlangoni pake. Viza ya Schengen tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na fedha hizo hazirudishwi ombi likikataliwa. Bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000 ni lazima. Maombi hupokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari, na uamuzi huchukua siku 15 au zaidi. Kwa safari ya siku 4, pilikapilika hizo ni nyingi mno, isipokuwa kwa familia yenye jamaa Ulaya ambayo ingekwenda huko hata hivyo.

Siku zenyewe

Siku ya kwanza isitengewe bustani. Watoto wafike, waogelee hotelini, walale. Bustani ya kwanza iwe siku ya pili, na mfike kabla ya malango kufunguliwa, kwani saa mbili za mwanzo ndizo zenye foleni fupi. Bembea ambayo kila mtu huililia ipandwe kwanza. Siku ya tatu iwe ya mapumziko, na ya nne bustani ya pili, ikiwezekana ya maji, kwa sababu mwili uliochoka huvumilia maji kuliko kutembea.

Mwandikie kila mtoto nambari yako ya simu kwa kalamu kwenye mkono, na mkubaliane mahali pa kukutania mkipoteana. Ahidi kila mmoja kiasi cha fedha za kununulia kumbukumbu, kwa dirhamu, na akishakimaliza kimeisha.

Tiketi ya kurudi iwe ya kuwafikisha nyumbani angalau siku tatu kabla ya shule kufunguliwa. Sare zinahitaji kufuliwa, nywele kunyolewa au kusukwa kama shule inavyotaka, na kazi ya likizo, ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuifanya ndani ya ndege, ingali inasubiri.